Wanafunzi wangu wanauliza: kwa nini nchi tisa zimiliki bomu la nyuklia na Afrika ijinyime?

Mwalimu wa Kiborloni (Moshi)

Wanajukwaa, nawasalimu. Ninafundisha Historia kidato cha tano na cha sita katika shule moja ya hapa Moshi, na muhula huu tumealikwa kwenye mdahalo na shule mbili za Arusha. Mada iliyopangwa ni kwamba bara la Afrika lingekuwa salama zaidi lau lingekuwa na silaha zake za nyuklia. Nilitarajia wanafunzi wengi wangeomba kupinga, lakini karibu darasa zima linataka kuunga mkono, na hoja wanazozitoa zinastahili kujibiwa kwa uzito.

Wanaanza na Korea Kaskazini, ambayo ilitangaza Januari 2003 kwamba inajitoa katika Mkataba wa Kuzuia Kuenea kwa Silaha za Nyuklia, ikajaribu bomu lake la kwanza Oktoba 2006, na hadi leo haijavamiwa. Kisha wanaitaja Libya, ambayo Desemba ya mwaka huohuo wa 2003 ilikubali kuufuta mpango wake wa siri, na miaka minane baadaye Gaddafi akapinduliwa na kuuawa baada ya ndege za NATO kulishambulia jeshi lake kwa miezi. Wanamalizia na Ukraine, iliyosalimisha vichwa vya nyuklia vilivyoachwa na Umoja wa Kisovieti kwa ahadi kwamba mipaka yake itaheshimiwa, ahadi iliyotiwa saini mjini Budapest mwaka 1994 na Urusi, Marekani na Uingereza. Binti mmoja aliniuliza mbele ya wenzake: "Mwalimu, kati ya nchi hizo tatu, ipi ilikosea?" Sikutaka kumjibu kwa haraka.

Jambo la pili linalowaudhi ni mkataba wenyewe, unaozitambua nchi tano kuwa wamiliki halali wa silaha hizo kwa sababu tu zilikuwa zimekwisha kulipua kabla ya Januari 1, 1967. Wanauliza ni haki gani hiyo inayopimwa kwa kalenda.

Mimi naamini kwamba bomu lisingetuongezea usalama, ila sitaki kuwashinda wanafunzi kwa cheo cha ualimu. Naomba msaada katika mambo mawili: je, sera ya kuzuia vita kwa tishio la nyuklia imefanya kazi kweli, na je, Afrika ilipata nini ilipoamua kulikataa bomu? Ningefurahi kuwasikia wanasheria, wataalamu wa mionzi, na wazee waliokuwa watu wazima wakati mambo haya yanaamuliwa.

Wakili wa Sakina (Arusha)

Mwalimu, hongera kwa kutowanyamazisha. Nitajibu upande wa sheria, kwa kuwa ndio ninaoufanyia kazi.

Malalamiko yao kuhusu mkataba yana msingi, lakini yakiishia kwenye ile tarehe ya mwaka 1967 watakuwa wamesoma nusu ya mapatano. Mkataba ulifunguliwa kutiwa saini Julai 1, 1968 na ukaanza kutumika Machi 5, 1970. Nchi zisizo na bomu ziliahidi kutolitafuta na kuwakubali wakaguzi wa Shirika la Kimataifa la Nguvu za Atomiki, IAEA, lenye makao yake Vienna. Nazo ziliahidiwa mambo mawili: Ibara ya 4 inalinda haki yao ya kutumia atomu kwa amani, na Ibara ya 6 inawafunga wenye silaha wafanye mazungumzo kwa nia njema ili kukomesha mashindano ya silaha na kuelekea kuziondoa.

Ahadi ya kwanza sisi Watanzania tumeionja. Mbung'o waliokuwa wakidhoofisha ng'ombe wa Unguja walitokomezwa kwa kuachia porini madume waliofanywa tasa kwa mionzi, waliokuwa wakizalishwa Tanga kwa msaada wa IAEA, na mwaka 1997 kisiwa kikatangazwa kuwa hakina mbung'o tena. Nawaomba wanafunzi wasiudharau mfano huu, kwa sababu bila imani kwamba vifaa vya mionzi havitageuzwa silaha, nchi zenye ujuzi zingeuficha ujuzi huo.

Ahadi ya pili ndiyo yenye deni. Mwaka 1986 dunia ilikuwa na vichwa vya nyuklia takriban 70,000, na sasa vimebaki zaidi kidogo ya 12,000, karibu asilimia 90 vikiwa mikononi mwa Urusi na Marekani. Punguzo hilo ni kubwa, lakini mikataba iliyolileta inakufa mmoja baada ya mwingine. Ule wa mwaka 1987 wa makombora ya masafa ya kati ulivunjika mwaka 2019. Ule wa mwaka 2010, uliowekea kila upande ukomo wa vichwa 1,550 vilivyo tayari kurushwa, Urusi ilisimamisha ushiriki wake Februari 2023, na muda wa mkataba wenyewe uliwekwa uishe Februari 5, 2026.

Ningependa wanafunzi wasome pia maoni ya ushauri ya Mahakama ya Kimataifa ya Haki ya Julai 8, 1996, chini ya urais wa Jaji Mohammed Bedjaoui wa Algeria. Majaji walisema kwamba kutumia au kutishia kutumia silaha hizi kwa ujumla kunakwenda kinyume cha sheria za vita, ingawa waligawanyika saba kwa saba, na kura ya rais ikaamua, pale walipokiri kwamba hawawezi kutoa neno la mwisho kuhusu nchi inayojihami katika hatari ya kufutika kabisa. Lakini kwa sauti moja walisema kwamba wajibu wa kufanya mazungumzo ya kuondoa silaha ni pamoja na wajibu wa kuyafikisha mwisho. Kwa hiyo tunachowadai wakubwa ni deni la kisheria, na anayedai deni hapati faida kwa kuuchana mkataba unaomthibitishia deni lake.

Mwaka 1963 Rais Kennedy wa Marekani alieleza hofu kwamba katika miaka ya 1970 kungeweza kuwa na nchi 15 hadi 25 zenye silaha za nyuklia. Leo ziko tisa, yaani zile tano za mkataba pamoja na India, Pakistani na Israel, ambazo hazikuwahi kuutia saini, na Korea Kaskazini iliyojitoa. Kati ya tisa na ishirini na tano kuna tofauti ambayo mkataba huu una sehemu kubwa ndani yake.

Mstaafu wa Rau (Moshi)

Wakili ameieleza sheria vizuri, lakini nadhani swali la binti yule limebaki palepale, kwa sababu yeye aliuliza kuhusu usalama. Nimelitumikia jeshi hadi kustaafu, na ninawaomba msiwafundishe vijana kwamba kuzuia vita kwa tishio ni ndoto ya wendawazimu. Marekani na Umoja wa Kisovieti walichukiana kwa miaka zaidi ya arobaini, walipigana kwa mikono ya wengine huko Korea, Vietnam, Angola na Afghanistan, lakini hawakuvamiana wao kwa wao. Kila upande ulijua kwamba hata ukianza wewe, mwenzako atabaki na uwezo wa kujibu. Uingereza imekuwa na angalau nyambizi moja yenye makombora ya nyuklia baharini mfululizo tangu mwaka 1969, na maana yake ni moja tu, kwamba adui hata akiichoma London yote, bado kuna mkono asioufikia.

Ukraine ilipewa karatasi. Mwaka 2014 Crimea ikachukuliwa, mwaka 2022 ikaja vita kamili. Mtu akiniambia kwamba mfano huo haukutikisa imani ya nchi ndogo katika ahadi za wakubwa, nitamwomba aniambie nchi gani ndogo aliyoizungumzia. Sisemi Tanzania itafute bomu. Ninasema tuwajibu vijana kwa hoja inayolingana na uzito wa mfano huo.

Fundi Mionzi (Njiro, Arusha)

Shikamoo Mzee Mstaafu. Naomba nianze hapohapo ulipoishia.

Vichwa vya masafa marefu vilivyobaki Ukraine mwaka 1991 vilikuwa karibu 1,900, idadi iliyoifanya ionekane kuwa ya tatu duniani. Lakini namba za siri za kuvirusha zilikuwa Moscow. Ili kuvimiliki kweli, Kyiv ingelazimika kujenga upya mfumo wa amri na kuvitunza bila viwanda vya kuvikarabati, wakati uchumi wake unaporomoka, huku Urusi na Marekani zote zikiipinga. Ahadi ya Budapest ilivunjwa, na kuivunja kulikuwa ni uovu mkubwa. Hata hivyo si sahihi kusema kwamba Ukraine ilikuwa na ngao kamili ikaiweka chini.

Kuhusu Korea Kaskazini, wanafunzi wajiulize kwa nini haikuvamiwa kati ya mwaka 1953 na 2006, miaka 53 ambayo haikuwa imejaribu bomu lolote. Seoul, mji wa mamilioni ya watu, uko karibu sana na mpaka, mizinga ya kawaida ya Kaskazini inaufikia, na nyuma ya Kaskazini iko China. Bomu lilikuja juu ya kinga iliyokuwepo tayari. Hakuna nchi ya Afrika yenye jiografia ya namna hiyo.

Sasa niingie kwenye fani yangu, maana hapa ndipo hoja ya kuunga mkono inapokwama zaidi. Urani inapochimbwa, iwe ya Mto Mkuju kule Namtumbo au ya kwingineko, ni asilimia 0.7 tu iliyo urani-235, ile inayofaa kwa mlipuko. Vinu vya umeme hutaka irutubishwe, yaani sehemu hiyo iongezwe, hadi asilimia 3 au 5, na bomu hutaka karibu asilimia 90. IAEA huchukulia kilo 25 za urani-235 iliyorutubishwa sana, au kilo 8 za plutoniamu, kuwa kiasi kinachoweza kutosha bomu moja. Na kazi ya kurutubisha haiendi kwa hatua zinazolingana: sehemu ngumu ni ya mwanzoni, wakati unasukuma urani nyingi isiyofaa ili upate kidogo inayofaa, kiasi kwamba nchi ikifika asilimia 20 sehemu kubwa sana ya safari imekwisha. Ndiyo sababu dunia ilishtuka Iran ilipoanza kufikia asilimia 60 mwaka 2021, ilhali makubaliano ya mwaka 2015 yaliiwekea ukomo wa asilimia 3.67. Lazima tuseme pia kwamba Marekani ndiyo iliyotangulia kujitoa katika makubaliano hayo, Mei 2018, wakati wakaguzi walikuwa wakithibitisha kwamba Iran inayatekeleza.

Kazi hiyo ni ya miaka mingi, na haifichiki. Inahitaji maelfu ya mashine zinazozunguka kwa kasi kubwa, vyuma maalumu, umeme mwingi, na ununuzi unaoacha alama kila mahali. Katika miaka hiyo nchi inakuwa katika hali mbaya kuliko zote, maana tayari ina kitu cha kumfanya adui aishambulie lakini haina bado cha kujilinda. Israel ilikipiga kinu cha Osirak cha Iraq mwaka 1981 na kinu cha Syria mwaka 2007, na Juni 2025 Israel kwanza, kisha Marekani, zikashambulia vituo vya Iran vikiwemo Natanz, Fordow na Isfahan. Mwanafunzi anayesema "tujenge bomu tuwe salama" anapaswa kutueleza tutapitaje katika miaka hiyo.

Halafu kuna suala la kama tishio lenyewe linazuia. Mwaka 1973 Misri na Syria ziliishambulia Israel, iliyoaminika wakati huo kuwa na silaha za nyuklia. Mwaka 1982 Argentina ilivichukua visiwa vya Falkland ikijua fika kwamba Uingereza ina bomu. Mwaka 1999 India na Pakistani, zote zikiwa zimefanya majaribio mwaka uliotangulia, zilipigana Kargil, katika Kashmir. Mzee, ninakubali kwamba hofu ya nyuklia iliwatia breki Washington na Moscow, lakini breki hiyo iliwahi kukaribia kukatika kabisa. Oktoba 27, 1962, wakati wa mgogoro wa Cuba, meli za Marekani zilikuwa zikiangusha mabomu madogo ya kuilazimisha nyambizi ya Kisovieti B-59 ipande juu, bila kujua kwamba ina topido yenye kichwa cha nyuklia. Nahodha alitaka kuitumia; ofisa mwenzake, Vasili Arkhipov, akakataa. Septemba 26, 1983, mitambo ya tahadhari ya Kisovieti ilionyesha makombora matano yakitoka Marekani, na Luteni Kanali Stanislav Petrov, aliyekuwa zamu, akaamua kwamba mitambo inakosea. Ilikuwa imekosea kweli: satelaiti ilikuwa imesoma mwanga wa jua juu ya mawingu. Sera inayosifiwa kuwa ya kisayansi iliokolewa na watu wawili ambao wangeweza kuwa wengine usiku ule.

Na wanafunzi wasidhani kwamba vita vya namna hiyo vingewahusu waliopigana tu. Tafiti za wanasayansi wa hali ya hewa zinaonyesha kwamba hata vita vya nyuklia kati ya India na Pakistani pekee vingepeleka moshi wa miji inayoungua kwenye tabaka la juu la anga, ukazuia jua na kupunguza mavuno ya nafaka duniani kwa miaka kadhaa. Mkulima wa mahindi wa Hai au Karatu angeipata hasara hiyo bila kuisikia hata risasi moja, na nchi inayoagiza ngano kutoka nje ingeanza kugombania meli.

Tena sisi si watazamaji tu. Dar es Salaam kuna kituo kinachonasa chembe za mionzi hewani, kimoja katika mtandao wa dunia nzima unaosubiri kugundua mlipuko wowote wa siri, kwa mujibu wa Mkataba wa Kupiga Marufuku Majaribio ya Nyuklia wa mwaka 1996. Mkataba huo haujaanza kutumika rasmi, kwa kuwa kati ya nchi 44 ambazo lazima ziridhie zipo ambazo hazijafanya hivyo, Marekani na China zikiwemo, lakini vituo vinafanya kazi, na milipuko ya Korea Kaskazini ilinaswa.

Mzee wa Marangu

Nawasalimu wanangu, na Mstaafu mwenzangu wa Rau. Nimesoma yote. Mwalimu ameomba wazee, basi naomba nafasi.

Msiwaache vijana wadhani kwamba Afrika ilikuwa nje ya habari hii. Sehemu kubwa ya urani iliyotumika katika mradi wa bomu la Marekani, ule uliozaa bomu la Hiroshima, ilitoka Shinkolobwe, Katanga, na ilichimbwa na Wakongo ambao hakuna aliyewaambia wanachimba nini. Februari 13, 1960 Ufaransa ililipua bomu lake la kwanza karibu na Reggane, katika Sahara ya Algeria. Ilifanya milipuko 17 katika jangwa lile hadi mwaka 1966, maana yake iliendelea hata baada ya Algeria kupata uhuru Julai 1962. Vumbi la milipuko ya mwanzo halikuheshimu mipaka. Kwame Nkrumah alizuia mali za Ufaransa zilizokuwa Ghana, na tangu hapo kulipinga bomu kukawa sehemu ya kudai uhuru. Ndipo Umoja wa Nchi Huru za Afrika ulipotangaza mjini Cairo, Julai 1964, kwamba Afrika iwe eneo lisilo na silaha za nyuklia. Tangazo lile lilitolewa na watu waliokuwa wamelipuliwa bomu nyumbani kwao.

Wapo waliofikiri tofauti, na vijana wawajue. Profesa Ali Mazrui, mwana wa Mombasa, alisema katika mihadhara yake ya BBC ya mwaka 1979 kwamba Afrika ijiingize katika kundi la wenye nyuklia, kwa sababu wakubwa wataogopa kweli, na kukubali kuziondoa silaha zote, pale tu watakapoona zimefika mikononi mwa wale wasiowaamini. Ni hoja ya mtu mwenye akili kubwa, na nimeitafakari mara nyingi. Tatizo langu nayo ni kwamba India, Pakistani na Korea Kaskazini zimeingia tangu hapo, na wakubwa hawakuharakisha kuondoa chochote. Waliongeza vikwazo kwa wageni na fedha kwa makombora yao.

Lakini mfano wa kuwatosha vijana uko hapa kwetu barani, nami nashangaa hakuna aliyeutaja. Makaburu wa Afrika Kusini walijenga mabomu sita kamili, na la saba lilikuwa linaundwa. Mwaka 1977 satelaiti zilikuwa zimewafichua wakichimba mashimo ya majaribio Vastrap, katika Kalahari, wakaacha kuyatumia lakini hawakuacha kazi. Waulizeni vijana mabomu yale yaliwasaidia nini. Hayakuwazuia Wakuba na Waangola katika mapigano ya Cuito Cuanavale, Angola. Hayakuzuia bendera ya Namibia kupanda Machi 1990. Vijana wa Soweto hawakuweza kutishwa kwa bomu ambalo likilipuka lingemuua na mwenye kulitupa. Utawala ule ulikuwa na silaha kali kuliko zote barani, na bado ulilazimika kuketi mezani na Mandela. Baada ya hapo wakayavunja wenyewe, wakajiunga na mkataba Julai 1991, na Rais De Klerk akalitangazia bunge Machi 24, 1993 kile kilichokuwa kimefichwa kwa miaka.

Tazameni na mwaka wa Tanzania kujiunga: ni huohuo wa 1991, pamoja na Zambia na Zimbabwe. Kwa miaka zaidi ya ishirini tulikuwa nje ya mkataba, na hatukuwa nje kwa kutamani bomu. Tulikuwa Mstari wa Mbele, jirani wa utawala uliokuwa ukilitengeneza. Pretoria nayo ilikuwa imesema itaingia ikiwa majirani wataingia, na tukaingia karibu kwa pamoja. Hivyo ndivyo silaha zinavyoondolewa: kila upande unaona mwenzake anatembea.

Na mwaka 1984, vita baridi ikiwa imepamba moto, Mwalimu Nyerere aliungana na viongozi wa India, Sweden, Mexico, Argentina na Ugiriki kuwataka wenye silaha wasimamishe majaribio na utengenezaji. Januari 1985 walitoa tamko lao Delhi. Baadaye walijitolea kusaidia kusimamia vipimo vya mitetemo ya ardhi ili pasiwe na kisingizio kwamba majaribio hayawezi kuthibitishwa. Hatukuwa na kombora hata moja, na bado tulikuwa na neno la kusema, na likasikilizwa.

Mstaafu wa Rau (Moshi)

Mzee wangu, mfano wa Makaburu nimeupokea, nami naukubali. Naongeza jambo moja ili usitumike vibaya: waliliacha bomu Wakuba walipokuwa wakiondoka Angola na Umoja wa Kisovieti ukielekea kuvunjika. Hofu yao ilikwisha kwanza, bomu likafuata. Anayetaka wengine waache silaha hana budi kushughulikia hofu yao, na kwa Ukraine, Taiwani au Korea hofu hiyo iko palepale. Fundi, lile la miaka ya katikati, kati ya kuanza na kumaliza, sikuwa nimelipa uzito unaostahili.

Mwalimu wa Kiborloni (Moshi)

Shikamooni wazee wangu, na asanteni nyote. Nimewasomea wanafunzi majibu haya leo asubuhi, na binti aliyeuliza swali la kwanza ameomba kwenda upande wa kupinga, kwa sharti kwamba apewe hoja ya Afrika Kusini aiwasilishe yeye. Wenzake wamebaki na maswali mawili ambayo nayaleta kwa Wakili. Kwanza, kama Korea Kaskazini iliweza kujitoa, nini kinazuia nchi ya Afrika kufanya hivyo kesho? Pili, sisi tumejifunga, lakini je, wenye mabomu wamejifunga kutotupiga nayo?

Wakili wa Sakina (Arusha)

Mwalimu, maswali hayo yana uzito, na majibu yake hayatawafurahisha kikamilifu.

Ibara ya 10 ya mkataba wa dunia inairuhusu nchi kujitoa kwa kutoa taarifa ya miezi mitatu, ikieleza tukio lisilo la kawaida linalohatarisha maslahi yake makuu. Mkataba wetu wa Afrika, uitwao Pelindaba kwa jina la kituo cha utafiti wa nyuklia cha Afrika Kusini, nao unaruhusu kujitoa, lakini muda wa taarifa ni miezi 12, nao ni muda wa kutosha kwa majirani, Umoja wa Afrika na Baraza la Usalama kuingilia kati. Ulifunguliwa kutiwa saini Cairo Aprili 11, 1996 na kuanza kutumika Julai 15, 2009. Unakwenda mbali kuliko ule wa dunia, kwa kuwa unakataza pia kutupa taka za mionzi barani na kushambulia mitambo ya nyuklia ya amani, na unaitaka nchi iliyokuwa na mabomu iyatangaze na kuyavunja chini ya ukaguzi. Hakuna mkataba unaoweza kuifunga nchi isiyotaka kufungwa. Unachofanya ni kuifanya ionekane mapema na ilipe gharama.

Swali la pili linajibiwa na itifaki zilizoambatishwa kwenye Pelindaba. Katika Itifaki ya 1 wenye silaha watano wanaahidi kutozitumia wala kutishia kuzitumia dhidi ya nchi wanachama, na katika ya 2 wanaahidi kutofanya majaribio barani. China, Ufaransa, Uingereza na Urusi zimeziridhia. Marekani ilizitia saini mwaka 1996, Rais Obama akazipeleka Seneti mwaka 2011, na Seneti haijaziidhinisha. Kwa hiyo ahadi ya kisheria kutoka Washington kwa bara letu haijakamilika, na ninaona ni aibu kwamba viongozi wetu hawaikumbushii Marekani jambo hili kila wanapokutana nayo.

Tena kuna Diego Garcia, kimoja cha visiwa vya Chagos katika Bahari ya Hindi. Ramani ya Pelindaba inaviweka visiwa vya Chagos ndani ya eneo letu, ikiwa na maelezo kwamba suala la nani mwenye mamlaka juu yake halijaguswa. Uingereza na Marekani zinashikilia kwamba mkataba hauihusu kambi ya kijeshi iliyopo pale, kambi inayopokea ndege za kivita za masafa marefu, zikiwemo zile zilizoundwa kubeba mabomu ya nyuklia. Wanafunzi wa upande wa kuunga mkono wakisema kwamba Afrika haina silaha za nyuklia karibu nayo, wapinzani wao wawaonyeshe kisiwa hicho kwenye ramani ya Bahari ya Hindi, kisha waulize ni mwanachama gani wa Umoja wa Afrika aliyelipeleka suala hilo kwenye kikao cha nchi wanachama wa Pelindaba.

Tanzania yenyewe ilitia saini Septemba 2019 Mkataba wa Kupiga Marufuku Silaha za Nyuklia, uliopitishwa Umoja wa Mataifa Julai 7, 2017 kwa kura 122 na kuanza kutumika Januari 22, 2021. Wenye silaha wote tisa wameukataa. Mkataba huo ni mfupi, lugha yake haisumbui, na nitakuletea nakala kumi zilizochapishwa siku ya mdahalo, ili kila shule iwe na za kwake.